Shukrani Zikakosea Mlango

Hawa wataalamu wa malezi wanaozunguka mashuleni na projekta, nani aliwaambia kwamba mzazi wa Dar es Salaam ana muda wa ziada? Semina moja tu, ya saa mbili pamoja na soda, na nyumba yangu haijatulia tangu siku ile. Mama watoto alikwenda peke yake, maana mie siku za semina huwa nina kikao. Akarudi na daftari lililojaa maandishi na chupa ya jemu iliyooshwa ikatakata. Nikauliza jemu imekwenda wapi. Nikajibiwa kwamba watoto wetu hawana shukrani.

Swali na jibu havikukutana, lakini aliyeoa anajua kwamba hapo ndipo pa kunyamazia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila usiku baada ya kula, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jambo analoshukuru siku hiyo, akikunje, akitumbukize chupani. Mwisho wa mwezi chupa inamwagwa mezani, vikaratasi vinasomwa kwa sauti, kisha familia nzima inakumbatiana. Tulipofika kwenye kukumbatiana nikakumbuka kwamba geti halijafungwa, nikatoka.

Ugonjwa wenyewe simbishii mtu. Upo. Kifungua mimba wangu yuko darasa la saba, na "asante" yake ameiweka akiba kwa ajili ya wageni, tena wageni waliokuja na mfuko. Wa kati, binti wa darasa la nne, ukimletea chipsi anauliza kuku yuko wapi. Ukimletea chipsi kuku anauliza kwa nini paja. Kitinda mimba yuko chekechea, lakini keshafundishwa na wakubwa zake: ukimpa soda anaitazama rangi kwanza, ndipo aamue kama umemheshimu. Serikali ya nchi hii inasomesha watoto bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne tangu 2016. Mie wangu nimewapeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, nalipa kwa awamu na kwa machozi. Anayeshuka kwenye basi la shule ananikuta getini, ananikabidhi begi, anapita. Mpaka kondakta wa lile basi ndiye anayenisalimia.

Basi tukaanza na chupa. Siku za mwanzo vikaratasi vilikuwa vizuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kutia shaka. "Namshukuru Mungu kwa uhai." "Nawashukuru wazazi wangu wapendwa kwa kunilea." Lugha ya risala ya mahafali, kila siku, mwandiko mmoja. Kumbe kifungua mimba alikuwa anaandika vikaratasi vya wiki nzima Jumapili jioni, kisha anamuuzia mdogo wake kwa biskuti. Shukrani nyumbani kwangu zikawa na dalali.

Kitinda mimba hajui kuandika zaidi ya jina lake, kwa hiyo alipewa ruhusa aseme, mama yake aandike. Akafikiri sana. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Nashukuru jana baba alichelewa kurudi, tukaangalia katuni mpaka ikaisha." Mama yake akaandika neno kwa neno, akakikunja, akakitumbukiza. Nikamtazama. Akaniambia kanuni ya semina ni kwamba shukrani haihaririwi.

Nikasema haya ni mambo ya Wamarekani. Wale wana sikukuu kabisa ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wanakula bata mzinga, wanashukuru kwa walivyo navyo, na kulipokucha Ijumaa wanapigana vikumbo madukani kutafuta wasivyo navyo. Mama watoto akafungua daftari. Eti wanasaikolojia wawili wa hukohuko Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti mwaka 2003. Waliwagawa wanafunzi wa chuo makundi: hawa waandike kila wiki mambo wanayoyashukuru, hawa waandike kero zao, na hawa waandike lolote lililowatokea. Walioandika shukrani wakajiona wana maisha mazuri kuliko wenzao, na hata mazoezi ya mwili wakafanya zaidi. Utafiti sina ugomvi nao. Nilichosema ni kwamba hao walikuwa watu wazima wa chuo kikuu, wakati mwanangu mmoja bado analia akiambiwa anawe mikono. Na mie wangeniweka kundi la kero, daftari lingejaa kabla ya chai ya saa nne.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo, nikaiacha chupa ijifie yenyewe. Lakini kubisha kwangu kukamfanya mama watoto afungue ukurasa wa pili wa daftari, na ukurasa wa pili ulikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa wino mwekundu: shughuli za pamoja za familia.

Maana yake, kwa tafsiri ya mama watoto, ni kwamba kila Jumapili dada wa kazi anapumzika, atoke aende zake, na kazi za nyumba tuzifanye sisi wenyewe na watoto. Wote. Nikauliza "wote" inaanzia wapi. Akaninyooshea kidole.

Nilimpigia simu mama yangu, yuko Pangani, nikitarajia atanitetea. Nikamweleza kwamba tuna mradi wa kuwafundisha watoto kupika, kufua na kudeki, ili wapate shukrani. Kimya kikapita. Kisha akauliza mradi huo umefadhiliwa na nani.

Namwelewa. Sisi hatukufundishwa kazi, tulizikuta. Tulisoma enzi ambazo ule waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967, Elimu ya Kujitegemea, ulikuwa bado una nguvu mashuleni. Unakwenda shule na fagio Jumatatu, dumu la maji Jumanne, jembe siku ya shamba, na samadi siku ambayo mwalimu mkuu kaamka vibaya. Watu wa rika langu wakikaa kijiweni husema malezi yale ndiyo yaliyotutia shukrani. Mie nilikuwepo. Ninachokikumbuka ni njaa, na mahindi ya shule ambayo tuliyapanda, tukayapalilia, tukayavuna, tusiyaone tena.

Jumapili ya kwanza ikaanzia Feri, sokoni kwa samaki, alfajiri, kwa daladala, na watoto watatu waliokuwa wamelala wima. Wazo lilikuwa la mama watoto: waone samaki anakotoka. Wakaona. Waliona mnada, waliona watu wanavyogombania ndoo ya dagaa, na kitinda mimba akaliona tope la samaki kwa karibu kwa sababu alilikalia. Wale vijana wanaopara samaki kwa ujira mdogo walituita, tena kwa heshima, nikawakatalia. Nilisema watapara wenyewe nyumbani. Magamba mengine mpaka leo yako kwenye feni, na sijaambiwa yalifikaje.

Saa tatu tuko uani na ungo. Mchele wa Kyela, kilo mbili, wakae wachambue. Hapo nikaona ndipo pa kuingiza elimu. Nikawaeleza jinsi mpunga unavyosiwa kitaluni, miche ikang'olewa ikapandikizwa mmoja mmoja, mtu kainama na maji magotini kutwa nzima. Nikawaeleza habari ya kwelea kwelea, ndege wadogo wanaotua shambani kwa makundi, mpaka watoto wa wakulima wanashinda juani kuwafukuza kwa kelele na mawe. Nikasema ndege mmoja hula gramu kama 10 tu kwa siku. Binti wa darasa la nne akainua kichwa, akasema, "Wakija milioni 2 watakula tani 20." Papo hapo, bila karatasi. Nikafurahi, nikajiambia ada haikupotea. Ningejua hesabu hiyo itakuja kuishia wapi nisingefurahi.

Kitinda mimba yeye alichambua kwa imani yake: alitoa mchele akaacha chuya. Kifungua mimba akauliza kwa nini tusinunue ule wa supamaketi uliochambuliwa tayari. Nikamtajia bei yake. Akainamia ungo.

Sasa tuje kwenye nazi, maana hapa ndipo nilipoona rangi zote.

Mie ni mtu wa Pangani. Nazi hunidanganyi. Nikaipiga kwa mgongo wa panga, pigo moja, ikapasuka pande mbili sawasawa, maji nikayakinga bakulini, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho mambo kwenda sawa siku hiyo. Maji ya nazi moja watu watatu hawagawani. Walipimiana kwa kifuniko cha chupa, wakashtakiana, rufaa ikaja kwangu, nikatoa hukumu kwa kuyanywa mwenyewe.

Kifungua mimba akapewa mbuzi. Kijana ana miguu mirefu, magoti yakamfika kidevuni, na ile mbuzi ikawa inampinduka kila akisukuma. Alikishika kifuu kwa mikono miwili akakikandamiza kwenye meno ya mbuzi kwa nguvu zote, likatoka pande kubwa, la pili likatoka na ganda jeusi, la tatu likatoka na ngozi ya kidole chake. Akapiga ukelele. Mama yake akaja na plasta, mie nikaja na maelezo: usikwangue kwa nguvu, zungusha kifuu taratibu, anza pembeni uje katikati, ukiona weusi acha, maana ganda likiingia tui linabadilika rangi. Aliyasikiliza maelezo huku anakinyonya kidole, kwa macho ya mtu anayeandaa mashtaka.

Binti akasema, "Mpishe." Akakaa upande, si kwa kupanua miguu, akakivika kifuu kwenye lile jino akaanza kukizungusha kidogokidogo, krr, krr, krr, na nazi ikawa inaanguka sahanini nyeupe, laini. Nikamuuliza umejifunzia wapi. Akasema, "Dada ndivyo anavyofanya." Miaka yote ile kumbe huwa anatazama.

Tukatia maji ya vuguvugu, tukakamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza, zito, nikaliweka pembeni kwenye bakuli, wali ukishakauka kauka ndilo la kumalizia. Tui la pili likaenda jikoni kuchemsha mchele. Nikageuka kutafuta chumvi. Nilipogeuka tena, kitinda mimba alikuwa amesimama kwenye kibao chake mbele ya sinki, bakuli tupu mkononi, uso umejaa fahari. Alikuwa ameona maji meupe yamekaa kwenye chombo, akajua ni ya kuoshea vyombo. "Nimesaidia!" akasema.

Nazi nzima hukaa mtini karibu mwaka tangu ua mpaka ikomae. Mnazi wenyewe, wa kienyeji, mzee anaupanda na kuungoja miaka sita na zaidi ndipo umpe ya kwanza. Halafu mtu akaupanda kwa miguu akaiangua, mwingine akaifua kwenye kifuo, lori likaileta mpaka Dar es Salaam, mwanangu akaacha ngozi ya kidole pale, na safari yote hiyo ikaishia kwenye bomba la maji machafu. Na huwezi kumchapa, kwa sababu amesaidia. Ndivyo semina ilivyosema: mtoto akijitolea, mpongeze. Nikampongeza. Meno yaliniuma.

Nikatoka na kifungua mimba kwenda gengeni kununua nazi nyingine. Pale gengeni kuna kijana ana mashine ya kukunia, ya umeme. Alitwaa nazi, akaivunja, akaisogeza kwenye mashine, mara paa, imo kwenye mfuko. Mwanangu aliitazama ile mashine. Akakitazama kidole chake chenye plasta. Akanitazama mie. "Baba," akasema, "hii ilikuwepo siku zote?"

Nikamwambia hiyo ni ya dharura.

Tulikula alasiri. Wali juu ulikuwa mbichi, chini ukoko wa kutosha familia mbili, katikati palikuwa na sehemu nzuri ambayo kila mmoja alidai ni yake. Samaki tusimzungumze. Lakini walikula, jamani, na hakuna aliyeuliza kuku yuko wapi. Katikati ya kula, kifungua mimba akauliza dada huwa anaamka saa ngapi. Mama yake akamwambia saa kumi na moja. Akauliza, "Kila siku?" Hakujibiwa. Nikaongeza mchuzi.

Kufua nitakupitisha haraka, ila neno moja lazima niliseme. Aliyeamua kwamba mtoto wa shule avae soksi nyeupe katika nchi hii yenye vumbi jekundu, tena mtoto anayecheza mpira wakati wa mapumziko, mtu huyo hajawahi kufua. Alikuwa na mfuaji. Kijana wa darasa la saba alikaa mbele ya beseni, akafikicha soksi zake za wiki, jozi tano, moja baada ya nyingine, povu likawa rangi ya chai ya maziwa, soksi zikabaki vilevile. Alifika mahali akamuuliza mama yake kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia: "Dada huwa anatia nini?" Mama yake akasema hatii kitu, anarudia tu.

Sasa sikiliza lililotokea jioni, uniambie kama ni haki.

Dada alirudi saa kumi na mbili, kavaa vizuri, katoka kanisani kisha kwa shoga yake Mbagala. Geti lilipolia, watoto walikimbia wote watatu. Mie narudi kila siku kupitia geti hilohilo, hakuna anayekimbia. Binti akampokea mkoba. Kitinda mimba akamshika kanga. Yule mkubwa, ambaye asante yake tuliitafuta kwa chupa na vikaratasi, akasimama, akajikuna kichwa, akasema, "Dada, asante kwa wali wa jana." Akafikiri. "Na wa juzi." Dada akaogopa, akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Mie nilikuwa nimekaa palepale barazani. Mwenye kununua nazi ni mie. Zote mbili. Nauli ya Feri nimetoa mie, mchele wa Kyela nimenunua mie, na ile ada ya awamu ya tatu nilikuwa nimeilipa siku chache tu kabla. Nikakohoa. Kitinda mimba akanitazama kwa huruma, akaniambia ninywe maji.

Tangu hapo nyumba imegeuka ofisi ya chama cha wafanyakazi. Kijana anafua soksi zake mwenyewe, jambo jema, lakini sasa anakagua na zangu. Ukiacha sahani mezani unaulizwa unamwachia nani. Siku moja nilimwita dada aniletee rimoti iliyokuwa mkabala nami, binti akainuka, akaichukua, akanikabidhi, akabaki amesimama anangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Hujasema asante." Nimesema. Katika nyumba yangu, kwenye kiti changu.

Kilichoniumiza kabisa ni siku shemeji yangu alipokuja kula. Tumekaa vizuri, mazungumzo ni ya siasa, yule binti wa tani 20 akauliza, "Baba, dada analipwa shilingi ngapi kwa mwezi?" Nikatafuna. "Na ada yangu ni shilingi ngapi kwa mwaka?" Shemeji akaacha kijiko. Nikamtajia ada, kwa kuwa hiyo nina fahari nayo, na la mshahara nikalikwepa. Akamgeukia dada mwenyewe, na dada ni mtu mkweli. Mtoto akatazama dari, midomo ikacheza kidogo, nikajua imekwisha. Akaja na jibu: dada afanye kazi miezi mingapi, asile, asivae, ndipo afikie ada ya mtoto mmoja ya mwaka mmoja. Idadi yenyewe siitaji hapa, mnaonisoma mna midomo. Nimepandisha mshahara kwa shinikizo la darasa la nne, na shemeji kaenda kusimulia ukoo mzima.

Nikaona hapana, kama mambo ni ya kuonja kazi ya mtu, basi na yangu waionje. Likizo ilipofika nikamchukua kifungua mimba nikaenda naye kazini, aone jasho la baba yake. Bahati mbaya siku hiyo mtandao ulikuwa haushiki. Tulikaa. Jioni mama yake akamuuliza amejifunza nini. "Baba anakaa," akasema. "Halafu mama mmoja anamletea chai. Halafu anakaa tena." Kisha akanigeukia: "Yule mama wa chai hukumwambia asante."

Nikajaribu umeme. Nikampa pesa ya LUKU, atume mwenyewe, apokee zile tarakimu 20, aziingize kwenye mita moja moja, aone na yuniti zinavyoyeyuka mama yake akiwasha pasi. Nilitaka ajue gharama za nyumba hii. Amezijua. Sasa ananizimia televisheni katikati ya mechi ya Simba na Yanga, ananiambia nisikilize redioni.

Mama watoto anasema semina imefaulu. Kwenye chupa ameshatia iliki. Mie nasema imefaulu kwa wengine. Hawa watoto wamejua kushukuru, hilo silikatai, ila shukrani yao inafuata mkono walioufanyia kazi yake. Aliyekuna nazi ameshakwenda kwa mkuna nazi, na aliyefua soksi ameshakwenda kwa mfuaji. Mleta pesa hana mbuzi ya kumkalisha mtoto. Pesa inaingia kwenye simu kimya kimya na inatoka kwenye simu kimya kimya, na mtoto anachokiona ni baba aliyeshika simu. Wenzangu kina baba mnaongoja siku mtakayopigiwa magoti kwa sababu ya ada, endeleeni kungoja, labda watakapoanza kulipa za kwao.

Lakini nikutendee wema, wewe ambaye semina haijafika shuleni kwenu. Kama nyumbani una dada, mpe siku yake ya kupumzika, nzima, atoke aende zake, kisha ingieni jikoni nyinyi na watoto wenu. Wala usijione umemfadhili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 24 kila wiki, na wewe ukishamlipa mtu mshahara ni mwajiri, hata kama mnaitana dada na kaka. Anza Jumapili hii. Nazi nunua mbili.